Msiisingizie Plastiki

Mashabiki wa Bionicle wana hukumu moja waliyokwisha kuipiga muhuri na kuifungia kabatini, na hawataki kusikia habari ya rufaa. Hukumu yenyewe ni hii: toleo la mwaka 2015, lile lililowarudisha madukani mashujaa sita wa Lego baada ya ukimya wa miaka kadhaa, lilikuwa la kukatisha tamaa, na kilicholiua ni midoli yenyewe. Ilikuwa rahisi mno. Ilikuwa laini mno. Haikuwa na mitambo. Ilikuwa Hero Factory iliyovishwa vinyago. Kwa hiyo, wanasema, kampuni ilipolifuta mwaka 2016, mwaka wa pili tu tangu lianze, ilivuna ilichopanda.

Nimeisikia hukumu hiyo ikirudiwa na watu wanaoipenda Bionicle kwa dhati, na pia na watu ambao hawajawahi kumshika mkononi hata shujaa mmoja wa 2015. Wote naona wamemfunga asiye na kosa. Toleo lile lilikuwa na upungufu, tena mkubwa, na nitafika huko. Lakini upungufu huo haukuwa kwenye plastiki. Ukiitazama midoli kama midoli, yaani kitu cha kuunganisha, kubomoa, kugonganisha na kuunganisha upya, basi wale sita wa 2015 ni bora kuliko Toa wote waliowatangulia, wakiwemo wale wa 2001 wanaotajwa siku hizi kwa sauti ya ibada.

Kwa asiyekulia na vitu hivi, habari kwa kifupi. Lego ni kampuni ya mji wa Billund nchini Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Kristiansen, na umaarufu wake ni matofali ya plastiki. Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini ilianza kujaribu jambo jingine: sanamu za mashujaa ambazo mtoto anaziunganisha mwenyewe, zenye viungo vya gololi inayoingia ndani ya kikombe chake, na gia zilizoazimwa kutoka Technic, mfululizo wake wa mitambo. Slizer walitoka mwaka 1999, RoboRiders wakafuata 2000, kisha 2001 ikashika kasi Bionicle. Hii ilikuwa na kisiwa chake, Mata Nui. Ilikuwa na adui, Makuta. Na ilikuwa na mashujaa sita walioitwa Toa: Tahu wa moto, Gali wa maji, Lewa wa hewa, Kopaka wa barafu, Onua wa ardhi na Pohatu wa mawe. Kila mmoja na kinyago chake cha nguvu. Wakati huo kampuni ilikuwa inaelekea pabaya. Mwaka 2003 na 2004 ilipata hasara kubwa, na Bionicle ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoendelea kuiingizia fedha. Ilidumu hadi 2010. Nafasi yake ikachukuliwa na Hero Factory, roboti walinda amani wasio na kisiwa wala miungu, hadi 2014. Oktoba ya mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya New York Comic Con, Tahu na wenzake wakaonyeshwa upya, na Januari iliyofuata walikuwa madukani.

Tuanze na shutuma ya urahisi, kwa kuwa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tahu wa 2001 ana vipande thelathini na kitu. Tahu wa 2015 ana 89. Onua wa 2001 naye yuko kwenye thelathini hizohizo. Onua wa 2015, yule mwenye mabega mapana na nyundo, ana 108. Hata Pohatu, aliyepewa vipande vichache kuliko wote katika wale sita wapya, ana 66, yaani angalau mara mbili ya babu yake. Anayedai kwamba mtoto wa 2015 alipewa kazi nyepesi kuliko ya mtoto wa 2001 hakuhesabu.

Nitajibiwa kwamba wingi wa vipande si ugumu wala si ubora. Nakubali. Basi tuache hesabu tutazame mwili. Toa wa 2001 hana goti wala kiwiko. Mguu wake ni kipande kimoja kirefu kinachozunguka kwenye nyonga na kwenye kifundo, basi. Hawezi kupiga goti. Hawezi kukimbia isipokuwa ujifanye huoni. Magoti na viwiko walikuja kuvipata Toa Metru mwaka 2004, na ilikuwa habari kubwa wakati huo. Shujaa wa 2015 anakunja goti, anakunja kiwiko, anageuza kichwa, anasimama kwa mguu mmoja silaha ikiwa juu. Watu hawa hawa waliomshangilia Vakama, mmoja wa Toa Metru, mwaka 2004 kwa sababu amepata magoti, mwaka 2015 waliona magoti ni jambo la kawaida lisilostahili hata kutajwa, wakaanza kutafuta kosa mahali pengine.

Walikolipata ni kwenye mitambo. Toa wa kwanza, wanakumbusha, alikuwa na gia mgongoni. Ukiizungusha, mkono unapanda na kushuka na shoka linapiga. Huo ndio uliokuwa utamu wa Technic, na kwa hilo sina ubishi. Lakini nani aliyeung'oa utamu huo? Si toleo la 2015. Uling'olewa mwaka 2006 walipokuja Toa Inika, ambao walikuwa viungo vitupu visivyo na gia mgongoni, na muundo wao ukarudiwa kwa Toa Mahri mwaka 2007, ukaendelea kurudiwa na kurudiwa hadi Bionicle ya zamani ilipofungwa. Kwa miaka ile yote mashujaa waliouzwa ndani ya makopo walikuwa kimsingi ni mifupa ya Inika iliyobadilishwa rangi, silaha na kinyago. Toleo la 2015 ndilo lililoirudisha gia. Liliweka kisanduku cha gia kifuani mwa kila Toa, ukizungusha kwa nyuma mikono inapiga, kama ilivyokuwa mwanzo. Tena likaongeza jambo ambalo wa zamani hawakuwa nalo: kitufe kwenye kichwa, ukikibonyeza kinyago kinaruka. Mwaka 2001 kinyago hakikuwa na kitufe cha namna hiyo. Mwaka 2015 adui alilazimika kupiga shabaha.

Sasa niambieni, mtu anayelaumu toleo lililorudisha gia kwa kosa la kutokuwa na mitambo, huku akiisamehe miaka mitano iliyoziondoa, analaumu kitu gani hasa? Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Iko shutuma ya tatu, na hii ina watu wenye akili nyuma yake, hivyo nitakaa nayo kidogo. Wanasema kosa ni ule mfumo. Tangu mwaka 2011 Hero Factory ilitumia mfumo wa mifupa na magamba: kuna mifupa ya urefu mbalimbali yenye gololi upande mmoja na kikombe upande mwingine, halafu kuna magamba ya plastiki yanayobanwa juu ya mifupa ili kuipa umbo na rangi. Mfupa wa paja la Tahu unaweza kuwa mfupa wa mkono wa Onua. Bionicle ya 2015 iliurithi mfumo huo mzima. Mashabiki wa zamani wanauona kama aibu: umesawazisha kila kitu, umeondoa ile sura ya chuma na bomba na pistoni, umeleta umbo laini la roboti wa katuni.

Kuhusu sura, kila mtu na jicho lake, na sitamlazimisha mtu apende umbo asilolipenda. Lakini kuhusu usawazishaji, nashangaa kumbukumbu zilikwenda wapi. Wale Toa sita wa 2001 walikuwa wanashirikiana karibu kila kipande: kifua kilekile, mguu uleule, kichwa kilekile, tofauti ikabaki kwenye rangi, kinyago, silaha na namna vipande vilivyopangwa. Usawazishaji haukuanza 2011. Bionicle ilizaliwa nao. Kilichobadilika mwaka 2011 ni kwamba usawazishaji ulifikiriwa upya kwa faida ya mtoto na si ya kiwanda peke yake. Mtoto wa kwetu anayetengeneza gari la waya haanzi na rangi wala taa. Anaanza na fremu, na akishaipata fremu iliyonyooka anaweza kuligeuza gari lake kuwa basi, lori au landrova kadiri ya makopo na vifuniko alivyookota. Mifupa na magamba ni jambo hilohilo. Mpe mtoto Toa wawili wa 2015 na baada ya muda mfupi atakuletea mnyama wa miguu minne ambaye hayumo kwenye karatasi yoyote ya maelekezo. Mpe Toa wawili wa 2001, na pamoja na ubunifu wake wote atakwama kwenye vile vifua vikubwa vilivyofinyangwa kwa kazi moja tu, kuwa kifua cha Toa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo mashabiki wa zamani hawapendi liletwe mezani, ingawa wanalijua kuliko mtu mwingine yeyote. Sanamu zao zinavunjika. Sizungumzii ajali ya kukanyagwa. Nazungumzia kumchukua shujaa wa mwaka 2007 au 2008 aliyekaa salama kabatini, kumkunja goti, na kusikia kikombe cha kiungo kikipasuka. Kijani cha ndimu cha miaka ile kina sifa mbaya kuliko rangi zote, lakini si peke yake. Vikombe vya zamani vilikuwa vyembamba, na plastiki nyingine ilizeeka vibaya, hata mashabiki wakafikia kupeana mawaidha: usimbomoe, usimkunje, mwache alivyo. Hebu lipimeni neno hilo. Mdoli wa kuunganisha usiothubutu kuubomoa si mdoli wa kuunganisha tena. Ni pambo la rafu.

Vikombe vya mfumo wa 2011 vilitengenezwa vinene na imara. Vinabana, havichoki haraka, na havipasuki kwa hasira ya mtoto wa miaka saba. Kwa mtu anayedai kuupenda mchezo huu kwa ajili ya kuunganisha, jambo hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi. Lakini nimewahi kumsikia mtu akilisifu toleo la 2008 kwa ubora wake huku, katika mazungumzo hayohayo, akiuliza ni gundi gani inafaa kwa viungo vyake.

Nilisema nitayataja mapungufu, nisije nikaonekana wakili wa kampuni. Magamba ya mfumo ule yanafunika mbele tu; ukimgeuza shujaa wa 2015 unaona mapaja yaliyo wazi nyuma na pini za buluu zinazochungulia mahali zisipotakiwa. Kisanduku cha gia kimewafanya baadhi yao wawe na kifua kinene kuliko kiasi. Pohatu amepunjwa, na namba 66 niliyoitaja hapo juu inamlinda mbele ya babu yake lakini haimlindi mbele ya Onua anayesimama karibu naye. Bei pia haikuwa ile ya mwaka 2001. Haya yote ni kweli, na kila toleo la Bionicle lina orodha yake ya aina hii. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kuua mfululizo wa midoli.

Kilichoua ni kingine, na kiko nje ya kifuko cha vipande.

Mwaka 2001 mtoto aliponunua Tahu hakununua sanamu tupu. Tahu alikuja ndani ya kopo la plastiki, na katika hadithi mashujaa walifika kisiwani ndani ya makopo yaleyale, yakisukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Kopo lenyewe lilikuwa ukurasa wa kwanza. Wazo hilo lilitoka mahali pa maumivu: Christian Faber, msanii wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika wakala wa matangazo wa Advance, amesimulia hadharani jinsi uvimbe kichwani mwake na dawa za kila siku zilivyompa picha ya wapiganaji wadogo wanaotumwa ndani ya mwili mkubwa uliolala ili kuuponya. Juu ya mbegu hiyo kikajengwa kitu ambacho kampuni za midoli hazikuwa zimezoea kukijenga. Kulikuwa na mchezo wa intaneti wa 2001 uliomtembeza mtoto kijiji kwa kijiji kisiwani. Kulikuwa na katuni zilizochapishwa na DC Comics. Kulikuwa na vitabu, vingi vyake vikiandikwa na Greg Farshtey, na filamu tatu kati ya 2003 na 2005, kisha ya nne 2009. Na kulikuwa na siri moja iliyofichwa kwa miaka: kisiwa cha Mata Nui kilikuwa kimelala juu ya uso wa roboti mkubwa kupita kiasi, na roboti huyo ndiye Mata Nui mwenyewe. Siri ilifumuka mwaka 2008. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka minane alikuwa na kumi na mitano.

Sisemi enzi ile ilikuwa safi. Majina mengi yaliyoipa hadithi ladha yake yalichotwa kwenye lugha ya Kimaori na nyingine za visiwa vya Pasifiki bila wenyewe kuulizwa, na mwaka 2001 Wamaori walilalamika hadi kampuni ikakubali kubadilisha baadhi yake. Watu wanaosema ya kale dhahabu wangefanya vizuri kukumbuka na hilo. Lakini ukubwa wa hadithi hauwezi kukanushwa, nami sijaribu kuukanusha.

Sasa linganisheni na 2015. Mashujaa wanashuka kisiwa kipya, Okoto, bila kumbukumbu. Kuna ndugu wawili mafundi wa vinyago, Ekimu na Makuta, na wivu wa mmoja umeleta maafa. Kuna walinzi wa vijiji, kuna buibui wa fuvu, kuna vinyago vya dhahabu vya kutafutwa. Ni msingi mzuri kabisa. Halafu msingi ukaachwa hivyohivyo. Hadithi ilisimuliwa kwa vipande vifupi vya uhuishaji, kila kimoja kikiisha kabla mtazamaji hajajua huyu Gali ni mtu wa namna gani, anachukia nini, anagombana na nani. Vijiji havikuwa na watu wa kutosha kuitwa vijiji. Mwaka 2016 ukaja mfululizo wa Netflix, The Journey to One, wa vipindi vinne. Vinne! Kwa lugha ya televisheni ya watoto hicho ni kionjo. Wakati huohuo Ninjago, mali ya kampuni hiyohiyo, ilikuwa hewani tangu 2011 na misimu yake ikiongezeka, na mtoto aliyetaka Lego yenye hadithi ndefu alijua pa kwenda.

Na kana kwamba hilo halitoshi, kampuni ilimwekea mwanawe mshindani ndani ya nyumba moja. Septemba 2015, miezi michache baada ya Toa kurudi, ilitoa sanamu za kuunganisha za Star Wars: Darth Vader, General Grievous, Luke Skywalker na wenzao, zikitumia mifupa na magamba yaleyale, ikielekea Desemba ambapo filamu mpya ya Star Wars ilikuwa inasubiriwa duniani kote. Jiweke mahali pa mzazi aliye mbele ya rafu na fedha ya kununua mdoli mmoja. Upande huu yuko Vader, anayejulikana hata na bibi. Upande ule yuko Kopaka, ambaye habari zake zimo katika video ya dakika mbili. Mzazi yule hakufanya utafiti wa mifumo ya viungo. Alichukua anayemjua.

Tazameni basi jambo hili kwa makini, kwa sababu kwangu ndilo linalovunja kesi nzima ya washitaki. Ikiwa mfumo wa mifupa na magamba ndio sumu, kwa nini sanamu za Star Wars zilizojengwa kwa mfumo huohuo ziliendelea kutoka 2016, 2017, hadi 2018, wakati Bionicle ilikwisha kufutwa? Plastiki ilikuwa ileile. Viungo vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni kwamba Vader alikuja dukani akiwa na hadithi yake mgongoni, na Kopaka alikuja karibu mtupu.

Wapo watakaosema natetea toleo bovu kwa kuitupia lawama hadithi, kana kwamba mdoli na hadithi yake ni vitu viwili. Ndiyo, ni vitu viwili. Sisi wa pande hizi tunalijua hilo bila kufundishwa. Aliyekutana na sanamu hizi kwenye fungu la midoli ya mtumba, bila kopo, bila maelekezo, bila katuni, mguu mmoja haupo na kinyago cha mwingine kimevishwa huyu, hakuwa na Mata Nui wala Okoto ya kumsaidia kupenda. Alikuwa na plastiki na vidole vyake. Na vidole havina kumbukumbu za utotoni za mtu mwingine. Vinajua kiungo kinachobana na kiungo kilicholegea. Vinajua kipande kinachoingia mahali pengi na kipande kinachoingia mahali pamoja. Mweke mtoto wa namna hiyo mbele ya Onua wa 2001 na Onua wa 2015, usimwambie neno, na sina shaka yoyote atamshika yupi.

Shabiki mkongwe hana vidole hivyo. Aliyekuwa na miaka minane 2001 alikuwa na ishirini na miwili 2015. Alifungua kile kifuko akitarajia kurudishiwa sakafu ya chumba chake cha zamani, na hakuna kiwanda duniani kinachouza bidhaa hiyo. Hakuikuta, akamlaumu Tahu.

Na hii si mara yake ya kwanza. Anayeifuatilia Bionicle kwa muda mrefu anajua kwamba karibu kila toleo lilipotoka lilipokewa kwa msiba. Mwaka 2005 Toa Hordika walizomewa kwa sababu vichwa vyao vilikuwa kipande kimoja na uso, kinyago hakitoki, ingawa hadithi yenyewe ilikuwa ya mashujaa waliogeuzwa nusu wanyama na sura zao ndivyo zilivyopaswa kuwa. Mwaka 2006 Inika walilaumiwa kwa vinyago vya mpira laini na kwa gia zilizopotea. Mwaka 2009 Glatorian walilaumiwa kwa kutokuwa Toa. Mwaka 2010 sanamu ndogo za kuagia zililaumiwa kwa udogo, na Hero Factory iliyofuata ikalaumiwa, safari hii kwa haki, kwa mashujaa wa kwanza ambao magoti yao hayakunjiki. Kisha waliokuwa watoto mwaka 2006 wakakua, wakaanza kusema wao wenyewe, na ghafla Inika wakawa na heshima. Plastiki yao haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni nani ameshika kipaza sauti. Waliokuwa watoto 2015 wanakua sasa, na nimeanza kuwasikia wakimtaja Onua wao kwa namna ambayo kaka zao wakubwa wanamtaja wa kwao.

Ningeyaacha haya yote yapite, maana watu wazima kugombana juu ya midoli si jambo la kunyima mtu usingizi, kama lawama ile isingekuwa na madhara. Ina madhara. Kwa miaka kadhaa sauti kubwa kuliko zote kuhusu sanamu za kuunganisha ilikuwa ya watu wanaosema mfumo huu haufai, uondolewe, turudishiwe wa zamani. Siwezi kusema ni nani Billund aliyeisikiliza na nani hakuisikiliza. Najua tu yaliyofuata. Mwaka 2016 Bionicle ilifutwa. Mwaka 2018 sanamu za Star Wars za mfumo ule zikatoka kwa mara ya mwisho. Mfumo wa zamani haukurudi, na hautarudi. Tangu hapo hakuna mfululizo mwingine wa Lego uliojengwa juu ya mifupa na magamba kwa ajili ya mashujaa wa kampuni yenyewe. Mashabiki waliotaka kilicho bora zaidi wamebaki bila kilicho bora wala kilicho cha kawaida.

Kwa hiyo ombi langu kwa ndugu zangu mashabiki ni moja. Mkitaka kumshitaki mtu kwa kifo cha Bionicle ya pili, mshitakini aliyeamua kwamba vipindi vinne vinatosha, na aliyeamua kwamba miaka miwili inatosha kwa hadithi ambayo ile ya kwanza ilihitaji saba ili kufunua siri yake. Mwachieni Onua aende nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Lego ilimtoa Tahu mmoja tena, akiwa na mwenzake Takua. Alijengwa kwa matofali ya kawaida, vipande 219 kwa wote wawili, bila mfumo wa 2001 wala wa 2015. Hakuwekwa rafuni auzwe. Alikuwa zawadi kwa aliyenunua bidhaa nyingine za kampuni hiyo kufikia kiasi fulani cha fedha.